MREJESHO: Mama kapita mtihani wa uraia wa Marekani

Wakuu, niliuliza hapa kama zile kwizi za simu za kuchagua A, B, C zinatosha kumuandaa mama. Mrejesho ni kwamba kapita, alhamdulillahi!

Waliosema tufanye kwa mdomo mlisema kweli kabisa, kwa sababu afisa hakupi majibu ya kuchagua, anauliza na wewe unajibu mwenyewe. Kwenye simu mama alikuwa anapata karibu yote, ila ukimuuliza jikoni anakatakata vitunguu, seneta anachaguliwa kwa miaka mingapi, anachanganya 6 ya seneta na 2 ya mbunge wa Baraza la Wawakilishi, basi tukawa tunaulizana hivyohivyo kila jioni mpaka wajukuu nao wakawa wanajibu. Mama ana zaidi ya miaka 55 na green card (kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu) anayo kwa zaidi ya miaka 15, kwa hiyo alifanya kwa Kiswahili, tulienda na mkalimani. Hili wazee wengi hawaambiwi na inaniuma sana, mtu anaogopa kuomba kisa Kiingereza.

Yeye aliomba mapema so alifanya ule wa zamani, maswali 100, unaulizwa hadi 10 unatakiwa upate 6. Waliotuma fomu N-400 (ya kuomba uraia) kuanzia Oktoba 20, 2025 someni ule mpya wa maswali 128, unaulizwa hadi 20 upate 12. Angalieni kwizi yenu ni ya upi kabla hamjaanza. Asanteni sana jamani.