Siku moja nje ya Dublin: Kilkenny, Moher au Newgrange?

Mgeni_wa_Baridi:
Wakuu, habari zenu. Katikati ya Novemba nitakuwa Dublin, Ayalandi, kikazi, na mama mkwe atakuja kutoka Uingereza anikute huko. Tuna Jumamosi moja tu ya kutembea. Mama magoti yanamsumbua, ila anapenda makanisa ya kale na habari za wafalme. Mabasi ya watalii nimeona yana njia tatu: Glendalough na Kilkenny, majabali ya Moher na Galway, au bonde la mto Boyne, yaani Newgrange na Trim. Kwa picha, Moher inazifunika zote. Mliokaa huko mnasemaje?

Mzamiaji_Mstaafu:
Novemba? Moher sahau, mkuu. Majabali yako pwani ya magharibi na Dublin iko mashariki, kwa hiyo mnavuka nchi nzima, saa tatu na zaidi kwenda na vivyo hivyo kurudi. Mabasi mengi yanaondoka saa moja asubuhi, giza bado. Saa kumi na nusu jioni jua limeshazama. Huo mwanga wenyewe mtaumalizia dirishani, halafu Galway mtaiona kwa taa za barabarani.

Binti_Ngamiani:
Mzamiaji anasema kweli kuhusu saa, lakini asiidharau Moher. Mita 214 kwenda chini, wima, na bahari ya Atlantiki inapiga mpaka unahisi kifuani. Mimi nilienda Juni, jua linazama karibu saa nne usiku, tukarudi bila haraka. Ila ukungu ukishuka huoni chochote, na pesa hairudishwi. Kwa mama mwenye magoti na upepo wa Novemba, hapana.

Kaka_wa_Stesheni:
Nenda Kilkenny, na basi la watalii achana nalo. Treni kutoka stesheni ya Heuston ni kama saa moja na nusu, na mji wenyewe unatembeleka kwa miguu, kasri upande huu, kanisa kuu la Mtakatifu Canice upande ule. Ukoo wa Butler ulilishikilia kasri hilo karibu miaka 600, halafu mwaka 1967 wakawakabidhi wananchi kwa pauni 50. Hamsini! Leo hiyo haikupi hata chumba cha kulala mjini humo.

Mama anayependa wafalme mwambie pia habari za 1366. Bunge lililokaa Kilkenny lilipitisha sheria za kuwakataza walowezi wa Kiingereza kuoana na Waairishi na kuzungumza lugha yao. Walowezi walikuwa wameshazama kwa wenyeji, sheria ikaja kuwavuta shati.

Mzamiaji_Mstaafu:
Ukienda kwa treni utaikosa Glendalough, na kwa mpenda makanisa hiyo ndiyo roho ya safari. Ni monasteri iliyoanzishwa na Mtakatifu Kevin karne ya 6, bondeni, kando ya maziwa mawili. Mnara wa mviringo una mita kama 30, mlango wake uko juu kuliko kichwa cha mtu. Njia ya ziwa la chini ni tambarare, mama ataiweza polepole.

Mwalimu_K:
Mbona Newgrange mnairuka? Ni kaburi la mawe la takriban mwaka 3200 KK, limezitangulia piramidi za Giza kule Misri. Alfajiri ya siku fupi kuliko zote Desemba, jua linapenya kwenye tundu juu ya mlango na kumulika chumba cha ndani. Wageni wa siku nyingine huonyeshwa kwa taa, na bado utasisimka. Iko kama kilomita 50 tu kutoka Dublin. Tatizo ni ujia: mwembamba, unainama, mita 19. Magoti ya mama unayajua wewe. Na weka nafasi mapema.

Mgeni_wa_Baridi:
Kuinama hapana. Naona ni Glendalough na Kilkenny kwa basi.

Binti_Ngamiani:
Sawa, lakini mama ana pasipoti gani? Kama ni ya Tanzania, viza ya Uingereza haimwingizi Ayalandi, wala ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Aombe ya Ayalandi sasa hivi, tiketi za basi mtalipia baadaye.