Godoro jipya linachoma kama bati la saa saba mchana, nimekosea wapi? (Tanga mjini)

Mama Wawili Ngamiani

Habari za humu jamani. Naomba mawazo yenu maana nimeshachoka, mwezi wa pili huu sijui usingizi wa maana. Tunakaa Ngamiani, vyumba viwili vya kupanga, juu bati tupu dari hamna, na joto la Tanga kuanzia Disemba mnalijua wenyewe, hata kaskazi ikivuma inakuja na joto lake.

Zamani tulikuwa na godoro la sponji la inchi 6, likalegea katikati likawa kama mtumbwi, mie na baba watoto na huyu mdogo wote tunaporomokea shimoni. Tukajikusanya mwezi wa kumi na moja tukanunua hai densiti 5 kwa 6 inchi 8, laki tatu na ushee, muuzaji akatuapia halibonyei hili. Na kweli halibonyei. Lakini jamani joto!! Saa saba za usiku naamka mgongo chapachapa utadhani nimemwagiwa ndoo, nageukia upande wa pili dakika tano tu napo pashapata moto. Shuka nimenunua mpya za satini, laini zinateleza. Feni tunayo ile ya kusimama.

Mume wangu anasema turudishe lile mtumbwi, mie sitaki hata kusikia. Sasa nauliza, niliuze hili ninunue la springi? Au haya ya memori fomu naona kwenye simu wanayasifia yana jeli ya ubaridi? Nyie mnaolala salama huku pwani mnalalia nini?

Kijana wa Sahare

Tanga waja leo warudi leo, kwa joto hili wanaondoka kabla hata ya asubuhi 😂 Dada nunua AC yaishe.

Mama Wawili Ngamiani

Mdogo wangu AC nikaifunge kwenye bati tupu? Na luku utanilipia wewe?

Fundi Seremala Makorora

Shemeji kabla hujauza kitu naomba majibu mawili tu. Ile nailoni ya dukani umeshaitoa? Na chini ya godoro kuna nini, chaga au umeweka bodi?

Mama Wawili Ngamiani

Nailoni ipo fundi, nitaitoaje na huyu mdogo wangu miaka mitatu bado kikojozi, halafu muuzaji mwenyewe alisema tuiache godoro lisichafuke. Bodi ndio tumeweka, kile kitanda kilikuja na chaga nne tu, godoro lilikuwa linazama kati ya chaga na chaga.

Fundi Seremala Makorora

Hahahaa nilijua tu. Shemeji wewe hulali kwenye godoro, unalala kwenye mfuko! Mtu akilala anatoka jasho hata kama halioni, na hilo jasho linataka pa kwenda. Juu kuna mgongo wako, linajaribu kushuka chini linakuta nailoni, basi linabaki hapohapo kati yako na shuka, na ndo maana unaamka umelowa. Godoro la watu lisingiziwe bure. Halafu chini nako umeziba kwa bodi, kwa hiyo hata ungetoa nailoni hewa haina pa kuingilia. Mie nimeshaitwa nyumba nyingi huku Makorora na Chumbageni watu wanalalamika kitanda kinanuka, ukiinua godoro upande wa chini umeota ukungu mweusi, chanzo bodi tu, au godoro limelazwa sakafuni moja kwa moja.

Toa nailoni leo usiku. Bodi tafuta fundi akuongezee chaga, usikubali nne, kwa kitanda cha futi 6 weka hata kumi na mbili au kumi na tatu, ziachane kama vidole vitatu vinne hivi, godoro halizami na hewa inapita. Mbao za chaga ni bei ndogo kuliko hiyo bodi. Kikojozi mkatie kipande cha mpira, kile wanachouza kwa ajili ya wanaokwenda kujifungua, kitandike upande wake yeye tu chini ya shuka, sio kitanda kizima. Mkojo wa mtoto unachukua eneo la sinia, wewe umewafunika watu watatu.

Nimeuza Magodoro

Fundi kamaliza sehemu kubwa. Mie nimekaa duka la magodoro miaka sita (siko tena kwa hiyo nasema bila woga). Ile nailoni ni ya safari, ya kulinda godoro kwenye gari na stoo. Muuzaji anakwambia usitoe kwa sababu ukirudisha godoro na waranti likiwa na doa anakukatalia, hajali mgongo wako.

Kuhusu memori fomu dada usithubutu. Ile sponji imetengenezwa ilainike kwa joto la mwili, ndio kazi yake, unazama kidogo kidogo mpaka inakukumbatia kila upande, sasa ukishakumbatiwa hewa itapita wapi? Ilibuniwa 1966 kwa kazi ya NASA, kwa ajili ya viti vya ndege, haikubuniwa kwa chumba cha bati Ngamiani. Na hiyo jeli ni kweli ukilala unasikia baridi, lakini inanyonya joto lako mpaka inalingana na wewe, baada ya hapo mko sawa, na usiku ndo kwanza mbichi.

La springi lina hewa ndani kwa hiyo kwa joto ni afadhali, hilo sibishi. Ila angalia juu ya springi wameweka nini, kuna mengine yana sponji nene inchi tatu juu yake, hapo umerudi kulekule. La kwako la hai densiti ukilitoa kwenye mfuko sio baya, kwa sababu ni gumu unalala JUU yake, huzami. Lile mtumbwi lenu lilikuwa linawachoma kwa namna nyingine, hamkugundua tu kwa vile mlikuwa mnagombania shimo.

Halafu kitu kimoja watu hawakijui, hai densiti maana yake sio ugumu, ni uzito wa sponji kwa ujazo wake. Lako la 5 kwa 6 inchi 8 lina ujazo wa kama mita za ujazo 0.57. Kama sponji yake ni ya kilo 30 kwa mita ya ujazo, godoro zima linatakiwa lifike kama kilo 17. Likiwa kilo 11 hivi hiyo ni sponji ya 20, umeuziwa jina. Nenda nalo kwa muuza mahindi mwenye mizani, watu watakucheka lakini utajua.

Mama Wawili Ngamiani

Weee! Nibebe godoro mpaka kwa muuza mahindi? Mume wangu atasema nimerogwa. Lakini nimecheka hapo kwenye kugombania shimo, ni kweli kabisa.

Binti wa Mitumba

Da mama mbona wote wamepita hapo kwenye shuka kama hawajaona? SATINI!! Satini ni jinsi ya kufuma tu, kinachohesabika ni uzi gani, na hizi za kuteleza za bei rahisi zilizojaa madukani karibu zote ni poliesta, na poliesta hainywi jasho, jasho linabaki juu linakutelezea. Ni nailoni nyingine umejitandikia juu ya nailoni.

Tafuta pamba. Na usiamini maandishi ya kwenye pakiti, fanya hivi, chomoa uzi mmoja pembeni ya shuka uuchome na kiberiti (mbali na shuka jamani). Pamba inaungua kama karatasi, inanukia karatasi, inabaki majivu laini ukigusa yanapotea. Poliesta inajikunja inayeyuka, harufu ya plastiki, na inabaki kidonge cheusi kigumu kama shanga. Mchanganyiko utakuletea vyote viwili.

Mie nauza shuka za mtumba na nakwambia wazi, shuka ya pamba ya mtumba iliyofuliwa mara mia inashinda mpya nyingi za dukani. Ishalainika, ni nyepesi, ukiinua kwenye mwanga unaona mwanga unapenya, hapo ndipo hewa nayo inapita. Zile nzitonzito zinazosifiwa nyuzi elfu moja sijui ngapi achana nazo, hizo za kwenye nchi za baridi. Rangi yoyote tu, usiku giza. Foronya pia ubadilishe, kichwa kinatoa joto sana.

Bi Mkubwa Pangani

Wanangu nawasoma hapa nacheka. Sisi tumelalia vitanda vya kamba, na hilo neno joto la kitandani hatukulijua. Kitanda kimesukwa kamba za usumba, juu mkeka wa ukindu, ukitaka raha unaweka godoro jembamba la sufi, basi. Upepo unapita juu unapita chini. Watu husema sufi ndiyo iliyokuwa inapoza, si kweli, sufi ina joto lake, ilivyo nyepesi ile na haishiki maji ndiyo maana zamani iliwekwa hata kwenye maboya ya kujiokolea. Kilichopoza ni kamba. Ukilichukua godoro hilohilo ukaliweka juu ya saruji au bodi utaona cha moto.

Kazi yake nayo ilikuwepo nisiwadanganye. Sufi ikikaa inafanya mabonge, kila baada ya muda unaitoa, unaianika, unaichambua upya, mafua yake wee. Na kamba zikilegea unaita mtu kuzikaza, na kunguni wakiingia kwenye zile kamba ni vita, unamwagia maji ya moto fundo baada ya fundo. Kwa hiyo sikwambii mwanangu urudi huko. Ila mkeka weka. Tandika mkeka wa ukindu juu ya godoro, chini ya shuka, usiku wa joto kali utanikumbuka.

Fundi Seremala Makorora

Shikamoo Bi Mkubwa. Hilo la mkeka kweli, mama yangu mpaka leo. Na watu hawajui hata mkonge wetu unakwenda kwenye magodoro, Ulaya kuna wanaotandaza mkonge juu ya springi ndo waweke pamba au sufu ya kondoo. Tangu yule Mjerumani wa kilimo, Hindorf, aulete 1893, ikafika salama miche 62 tu kwenye elfu moja, tunalima mkonge tunapeleka nje halafu sisi tunalalia nailoni.

Bi Mkubwa Pangani

Marahaba mwanangu.

Mgogo Halisi

Mie niko Dodoma, kwetu joto likizidi tunalowesha shuka tunakamua vizuri tunajifunika, feni ikipuliza unasikia baridi mpaka unatafuta blanketi. Jaribu dada.

Mtu wa Raskazone

Mgogo mwenzetu hiyo kwenu inafaa kwa sababu hewa yenu kavu, maji yanakauka haraka na yakikauka ndo yanaondoka na joto. Huku kwetu hewa yenyewe imeshiba maji, nguo ya jana haijakauka mpaka leo, ukilowesha shuka utalala kwenye bwawa na godoro litaota uyoga. Huku kitu ni upepo tu, ukausogeze ule unyevu ulio juu ya ngozi.

Dada feni yako isielekeze ukutani izunguke bure, iweke ikupulize kwa ubavu, usawa wa kitanda. Na usiku kukishapoa nje ni bora uitege dirishani ikivuta hewa ya nje kuliko kuzungusha ile ya ndani. Pangaboi kwenye nyumba isiyo na dari sikushauri, bati limepigwa jua mchana kutwa, utakuwa unajimwagia ile hewa ya moto kichwani. Kuhusu luku usiogope, feni ya wati 75 ukikesha nayo masaa nane haifiki robo tatu ya uniti.

Neti usitoe hata kwa dawa, malaria haina huruma na hasa kwa huyo mdogo. Ila kama ni ile ya duara inayowakumbatia vichwani, badilisha uweke ya pembe nne, ifunge mbali na juu, upepo utaingia vizuri zaidi.

Kijana wa Sahare

Kwa hiyo dada alikuwa na nailoni chini, poliesta juu, bodi uvunguni na bati kichwani. Huyo alikuwa anachemshwa kama makande 😂😂

Mama Wawili Ngamiani

Wadau nimerudi, leo siku ya tisa. Nailoni tuliitoa usiku uleule, mume wangu alikuwa anaichana huku anasema "nilikwambia", hakuniambia chochote huyu. Usiku wa kwanza tu tofauti nikaiona, nikaamka kwa sababu ya mtoto sio kwa sababu ya jasho. Chaga tumeongeza tisa, bodi imekuwa mlango wa banda la kuku. Shuka nilichoma uzi kama alivyosema binti, ikatoka shanga nyeusi kama alivyosema, nikasikia uchungu maana nilizipenda. Nimepata za mtumba mbili za pamba, moja ina maua ya kizee lakini inalalika.

Mkeka nimeweka Bi Mkubwa, shikamoo na asante, siku mbili za kwanza unakwaruza kidogo halafu unazoea. Sitasema nalala kama niko Lushoto, bado saa tatu nne usiku chumba ni tanuri mpaka bati lipoe, tunakaa barazani kwanza. Hapo mwenye nyumba ndo tunabembelezana naye suala la dari.

Nimeuza Magodoro

Hongera. Na mizani?

Mama Wawili Ngamiani

Kaka tulipima. Baba watoto mwenyewe ndo alilibeba, tena usiku watu wasione. Kilo 12 na nusu.

Nimeuza Magodoro

Duh. Basi hiyo ni kama 22, sio ya kuitwa hai densiti. Risiti unayo?

Mama Wawili Ngamiani

Ninayo. Kesho nakwenda naye dukani, yeye atabeba godoro mie nabeba mdomo.