Mjadala: Akili mnemba kwenye simu ya WAJA, neno la mwisho liwe la nani?

Muuguzi, mkoa wa Lindi

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi.

Nimeuleta mjadala huu hapa kwa sababu mjini unazungumzwa sana, na sisi wa zahanati tunakuja kuletewa majibu yakiwa yameshapikwa. Swali lenyewe: akili mnemba (AI) iruhusiwe kumshauri mhudumu wa afya ngazi ya jamii, yule tunayemwita WAJA, akiwa nyumbani kwa mgonjwa? Na wakitofautiana, nani afuatwe?

Kwa asiyefahamu, tarehe 31 Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwa na WAJA 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Wanasoma miezi sita, nusu darasani, nusu kazini. Kisha binti anarudi kitongojini kwao, na watu wanaanza kumwita dokta siku hiyo hiyo. Kwa hiyo simshangai mtu anayetaka apewe kitu cha kumsaidia. Mimi mwenyewe nataka asaidiwe.

Lakini sikilizeni hili. Msimu wa mvua uliopita WAJA wetu mmoja aliingia nyumba yenye mtoto wa miezi tisa anayekohoa. Tunawafundisha hivi: mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, mhesabu kuwa ana nimonia. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano ni mara 40. Unahesabu dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Sasa mtulize mtoto wa miezi tisa mwenye homa, mvua inapiga bati, kaka zake wamejaa mlangoni wanachungulia. Mara ya kwanza alipata 52, mtoto analia. Akasubiri anyamaze, akahesabu tena, 47. Akaingiza 47 kwenye programu ya simu aliyopewa kazini. Simu ikauliza kama mtoto ananyonya. Mama alikuwa ameshasema, "Leo amelisusia ziwa." Lakini alfajiri alikuwa amenyonya kidogo, binti akabonyeza ndiyo. Simu ikawaka kijani: mpe mama ushauri, rudi baada ya siku mbili.

Binti hakuondoka. Aliniambia baadaye, "Dada, yule mtoto alikuwa hanitazami. Nampigia makofi, hanitazami." Akanipigia simu, nikamwambia mlete. Walifika magharibi kwenye bodaboda, shuka limelowa, kifua cha mtoto kinabonyea kila akivuta pumzi. Tulimwanzishia dawa na kumpa rufaa usiku ule ule. Yuko hai, sasa anatembea.

Tuelewane, ile haikuwa akili mnemba. Ilikuwa programu ya kawaida ya ndiyo na hapana. Najua atatokea mtu aseme akili mnemba ingeyadaka yale maneno, amelisusia ziwa, ikapiga kengele. Huenda. Lakini huenda pia ingemjibu binti kwa aya tatu za Kiswahili kilichonyooka, na hapo ndipo moyo unanienda mbio. Rangi ya kijani aliweza kuibishia. Maneno ya anayeonekana kusoma kukuzidi ni magumu kuyabishia, hasa ukiwa na miaka 22 na cheti cha miezi sita.

Msimamo wangu ni kwamba iruhusiwe, kwa sharti moja. Iwe na ruhusa ya kuongeza wasiwasi, isiwe na ruhusa ya kuuondoa. Ikiona hatari ambayo WAJA hakuiona, iseme. WAJA akishaona hatari, isiweze kumwambia abaki. Na kitufe cha kumpigia muuguzi kikae juu kabisa ya kioo, kisitafutwe. Nipingeni.

Mhamasishaji wa afya ya jamii, pwani ya Kenya

Dada muuguzi, pole na kazi, na huyo binti mpe salamu zangu. Nakupinga kwa heshima.

Mimi ni mmoja wa wahamasishaji zaidi ya 100,000, ndio WAJA wa huku kwetu Kenya, tuliokabidhiwa mikoba na simu Septemba 2023. Nina nyumba kama mia moja, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti. Kutoka kwangu hadi kituoni ni boda ya shilingi 600, kwenda tu. Kuna mama nilimtuma kituoni na mtoto wake, akauza kuku apate nauli. Kufika, akaambiwa ni mafua. Mara ya pili nikamtuma, akaambiwa hana neno, mnyweshe maji. Mara ya tatu mtoto alipopata homa, yule mama alinisikia nabisha hodi akanyamaza ndani. Nilikuwa naona miguu yake chini ya pazia.

Sasa wewe wataka mashine ijuayo kuogopa tu. Itanifanya niwatume wote, na wakishanichoka, siku ya hatari yenyewe hakuna atakayenyanyuka. Mimi nataka inisaidie pia kusema, "Huyu tumtazame hadi asubuhi." Hilo ndilo neno gumu kwangu, kwa sababu likiharibika lawama ni yangu peke yangu.

Na kuna jambo ambalo simu haitanisaidia hata iwe na akili vipi. Mtoto akishikwa na degedege, bibi atasema ni nyuni, ule ugonjwa unaoaminika kuletwa na ndege, apelekwe kwa mganga kwanza. Dakika hizo kujua dawa hakunifaidi kitu. Namjua bibi anamsikiza nani pale nyumbani, naenda kumtafuta huyo mtu shambani, naja naye mbio.

Mtengeneza programu, Dar es Salaam

Nawashukuru dada zangu. Naomba niiletee mashine utetezi wake, maana mjadala umeelekea kwenye hofu.

Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya utafiti wa kliniki 15 za Penda Health jijini Nairobi, mahudhurio 39,849. Matabibu waliofanya kazi huku akili mnemba ikisoma wanachoandika walikuwa na makosa machache ya kutambua ugonjwa kwa asilimia 16, na ya matibabu kwa asilimia 13, kuliko wenzao wasiokuwa nayo. Nayo hutumia taa zile zile, kijani, njano na nyekundu, na uamuzi hubaki kwa tabibu. Pia shirika la Jacaranda Health huko huko Kenya walitoa mwaka 2023 modeli ya akili mnemba ya Kiswahili, UlizaLlama. Mama anatuma ujumbe mfupi wa kawaida, mashine inachambua, na ule wa hatari unapelekwa kwa mtu. Hicho ni karibu kabisa na sharti la dada wa Lindi, na kinafanya kazi.

Kuhusu lugha, mna haki ya kulalamika. Modeli nyingi zimejifunza Kiswahili cha magazeti. Mtu akisema chango, mshipa, tumbo linanikata, au hilo la kususia ziwa, mashine inaweza kupotea. Dawa yake ni kukusanya maneno ya akina mama wenyewe, na hilo linafanyika tukiletewa. Mtandao kukatika nako si mwisho wa habari, modeli ndogo inaweza kukaa ndani ya simu. Ninachowaomba ni kimoja: mtoto aliyekosewa na mashine tutamjua kwa sababu iliacha kumbukumbu. Wangapi wamekosewa na daftari, na hakuna aliyewahesabu?

Mzazi, Kigoma

Mimi si mtaalamu, nina hili tu. Kaka wa Dar anasema maneno ya akina mama yakusanywe. Yakusanywe na nani, yakae wapi? Kitongoji chetu ukisema msichana wa darasa la saba ana mimba, hukutaja jina, lakini kila mtu ameshamjua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Basi mama aulizwe kwanza, kwa lugha yake, kabla simu haijaanza kusikiliza. Akikataa, ahudumiwe vile vile.

Muuguzi, mkoa wa Lindi

Nimesoma yote. Baba wa Kigoma, sina la kuongeza, nakubali neno kwa neno.

Kaka wa Dar, utafiti huo naujua na naufurahia. Ila wale walikuwa matabibu, ndani ya kliniki za mjini, wenye vipimo na dawa mkononi. Na utafiti huo huo haukupata tofauti ya wazi upande wa wagonjwa kupona. Sisemi hauna maana. Nasema usiuchukue ukauweka juu ya mkeka wa nyumba niliyoisimulia ukadhani umeshapimwa huko. Kuhusu makosa ya daftari, umenishika. Hatujawahi kuyahesabu, na ni aibu yetu.

Dada wa Kenya, wewe umenibadilisha. Miguu chini ya pazia imenikaa kichwani tangu jana. Sharti langu lilimtazama mtoto mmoja wa siku moja, halikumtazama mama wa mara ya tatu. Nalirekebisha hivi: mashine iweze kusema "tumtazame hadi asubuhi", pale tu ambapo WAJA mwenyewe hakuonyesha wasiwasi, na muuguzi aione kesi hiyo siku ile ile kwa jina la WAJA na saa ya kurudi. Lawama igawanywe, isimwangukie mmoja. Pale WAJA anaposema ana wasiwasi, hapo sirudi nyuma hata hatua. Mashine inyamaze.

Na nikiwa mkweli, sharti langu lina tundu lingine ambalo hakuna aliyelitaja. Nimesema kitufe cha kumpigia muuguzi kikae juu. Muuguzi mwenyewe ni nani? Zahanati yetu tuko wawili. Binti aliponipigia ile jioni, nilikuwa nimetoka kuzalisha, glovu bado ziko mkononi, mhudumu ndiye aliyenishikia simu sikioni. Ingekuwa nusu saa kabla, isingepokelewa. Kwa hiyo wanaokuja na miradi ya simu janja, bajeti yao iwe na mshahara wa mtu wa kupokea, zamu ya mchana na ya usiku, kabla ya fungu la leseni na semina. Mradi usio na mtu huyo mimi nitaukataa kijijini kwangu, hata uje na vishikwambi vya bure.

Jana nimemuuliza binti mwenyewe angependa simu yake iweje. Alifikiri kidogo akaanza na tochi, maana anarudi giza. Kisha akasema, "Kabla haijanipa rangi, iniulize mimi naonaje."

Kaka wa Dar, hilo ni la kuandika wiki hii au ni la miaka mitatu? Na wewe dada, yule mama mlipatana naye vipi, na nauli ya mara ya tatu alilipa nani? Naomba unijibu kwa urefu, kwa sababu Ijumaa tuna kikao cha WAJA na sina jibu la nauli.