Re: Re: V5C, miezi 12, na ni gari gani ya kurudi nayo nyumbani?

Baba Imani, Reading
Wadau habari za siku nyingi. Tunarudi Kenya mwakani na familia yote baada ya miaka kumi na moja huku Uingereza, na nilikuwa nataka kutumia ile nafuu ya mkaazi anayerudi, ya kuingiza gari bila ushuru kama umekuwa nayo angalau miezi 12. Sasa kuna ofisi moja (jina silitaji, wengine wenu mnafanya kazi humo) imenirudishia makaratasi mara ya pili. Niliwapelekea V5C (hati ya usajili wa gari ya huku) yenye jina langu kuonyesha gari nimekuwa nayo zaidi ya miezi 12, wakaniambia soma hapo mbele, imeandikwa wazi kwamba V5C si ushahidi wa umiliki. Na kweli imeandikwa! Risiti ya kununulia ilipotea tulipohama nyumba, aliyeniuzia alikuwa mtu binafsi na simu yake haishikiki. Nitumie nini? Swali la pili ni dogo tu, gari yenyewe ni dizeli na kuna jamaa ananiambia niuze nichukue Toyota, lakini nikinunua leo si miezi 12 inaanza upya?

Mama Tumaini, Leicester
Baba Imani uza hiyo dizeli leo, usingoje kesho. Shemeji yangu alipeleka moja ya Kijerumani, dizeli, safi kabisa hata viti vilikuwa bado vinanuka upya, ilifika Nairobi ikafanya kazi miezi minne, DPF, chujio la moshi wa dizeli, ikaziba. Ile chujio inataka uende mwendo mrefu barabara kuu ndio ijichome masizi, sasa wewe unapeleka watoto shule na kurudi, kwenye foleni, itajichoma saa ngapi? Na mafuta yenyewe, dizeli ya kwetu ilishushwa 2015 hadi salfa 50 (sehemu 50 kwa milioni), ya huku ni 10, na hizi injini za Euro 6 (kiwango cha Ulaya cha moshi wa gari) zimetengenezewa hiyo ya 10. Toyota petroli, maneno yaishe.

Fundi Hassan, Luton
Mama Tumaini salaam, lakini Toyota IPI? Kila mtu hapa anasema Toyota Toyota kama ni dini. Corolla ya huku inaundwa Burnaston kule Derby, si Japani, na Fielder na Probox mnazozifikiria hazijawahi kuuzwa huku. Avensis ya dizeli 1.6 ya kuanzia 2015, injini yake ni ya BMW, fungua boneti uone mwenyewe. Kwa hivyo mtu anapeleka "Toyota" halafu anazunguka Kirinyaga Road, Nairobi, na spea ya BMW mkononi na hakuna anayemwelewa. Ukitaka ya kuenda huko chukua ile ambayo ina dada yake Japani: Yaris ni Vitz, Jazz ni Fit, Mazda 2 ni Demio. Honda kwangu mimi ndio injini bora ya petroli, Toyota inamshinda kwa spea tu.
Na kabla ya jina la gari, ingia chini uangalie. Hii chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi inakula chasi. Historia ya MOT (ukaguzi wa gari wa kila mwaka huku) iko bure mtandaoni, weka namba tu, ukiona wameandika kutu mara mbili mfululizo achana nayo hata kama ni Lexus.

Mzee K., Cardiff
Vijana mnabishana kuhusu plastiki. Gari ilikuwa Peugeot 504. Baba alikuwa na ile ndefu ya safu tatu za viti, tuliingia watu kumi na mmoja na kuku, Nairobi mpaka Kakamega, mvua, matope, haijawahi kulala njiani. Pasaka tulikuwa tunasimama kando ya barabara tangu alfajiri kungoja Safari Rally, dereva wetu Joginder Singh anapita, na hizo 504 nazo, vumbi likifunika kila mtu.

Fundi Hassan, Luton
Mzee shikamoo, ila Joginder hakushinda na Peugeot. 1965 ilikuwa Volvo, 1974 na 1976 Mitsubishi Lancer. 504 ilishinda 1975 na 1978, madereva wa kutoka nje.

Mzee K., Cardiff
Sikusema alishinda, nilisema alipita. Marahaba.

Dada Zu, Milton Keynes
Jamani na sisi Watanzania tuko humu. Kwetu gari kuukuu inaingia, unaongezewa kodi ya uchakavu tu unaendelea na maisha. Nyinyi ikizidi miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza haingii kabisa, na nijuavyo huo msamaha wa ushuru hauondoi sharti la umri. Baba Imani hiyo dizeli ni ya mwaka gani? Maana naona mnachagua kampuni na hamjauliza umri.
(Mimi ni Subaru. Najua inakunywa mafuta. Msianze.)

Kamau wa Leeds
Shida si kampuni, shida ni serikali. Asiye na msamaha anakadiriwa ushuru kwa CRSP, yaani bei ya rejareja iliyo kwenye orodha ya mamlaka ya kodi, wala si kwa bei aliyonunulia, halafu mnashangaa kila mtu anaendesha Demio. Mwaka wa 2024 walitaka kuongeza na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, wakaiondoa dakika za mwisho vijana walipokuwa tayari wako barabarani. Mimi sirudi na gari, narudi na baiskeli.

Mama Tumaini, Leicester
Kamau kila mada unaleta serikali, hata ile ya blenda. Baba Imani, kitu kingine, siku za meli hazihesabiwi kwenye hiyo miezi 12. Na zile siku mlizoenda likizo nyumbani jumlisha za miaka miwili ya mwisho, zikizidi 90 umejitoa mwenyewe. Sisi tulikaa wiki sita kwenye matanga ya mama mkwe, na Krismasi wiki tano, tukawa tunahesabu kwa vidole.

Baba Imani, Reading
Asanteni sana wote, siku tuko salama, hatujafika hata 50. Gari ni ya 2020 kwa hivyo umri pia uko sawa. Lakini hakuna aliyenijibu kuhusu ushahidi wa umiliki?? Je, steitimenti ya benki inayoonyesha nililipa itakubalika, au bima? Kuna mtu amewahi kupita na hiyo?

Fundi Hassan, Luton
2020 dizeli, giaboksi ya otomatiki au ya mkono?

Mama Tumaini, Leicester
Baba Imani, kama ni 2020 basi ni Euro 6, haitozwi ULEZ, ile tozo ya London ya magari yenye moshi mwingi. Binti yangu anahamia Croydon mwezi ujao na anatafuta gari. Unaiuza bei gani?