Mjadala: Je, mradi upewe cheti cha mazingira kabla vyura wa eneo lake hawajachunguzwa?

Mtoa mada

Ndugu wachangiaji, naomba tujadili jambo linalotugusa wakazi wa Dar es Salaam kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 2017 watafiti walieleza rasmi spishi mpya ya chura wa matete, Hyperolius ruvuensis, kutoka Msitu wa Hifadhi wa Ruvu Kusini mkoani Pwani. Ni chura mdogo wa kundi ambalo madume yake huwa na miiba midogo kooni. Msitu huo umekatwa kwa miaka mingi kwa ajili ya mkaa, na soko kubwa kuliko yote la mkaa nchini ni jiji letu. Chura huyu alipata jina la kisayansi akiwa tayari yumo hatarini kabisa kutoweka.

Msimamo wangu ni kwamba bwawa, barabara au shamba kubwa lisipewe cheti cha mazingira kabla vyura wa eneo hilo hawajachunguzwa katika msimu wa mvua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya cheti hicho kutolewa, nami nadai tathmini hiyo ipewe muda wa kutosha. Vyura wengi wa misitu yetu ya pwani hujitokeza usiku, mvua zinapojaza madimbwi. Mtaalamu akitumwa kwa siku chache wakati wa kiangazi, atarudi na orodha fupi, na mwenye mradi ataisoma orodha hiyo kama ushahidi kwamba msituni hamna kitu. Tena, kumwona chura si kumtambua. Lazima apimwe umbo, vinasaba vyake vichunguzwe, alinganishwe na vielelezo, yaani miili ya jamaa zake iliyohifadhiwa katika makumbusho, kisha maelezo yapitiwe na wataalamu wengine kabla ya kuchapishwa. Kazi hiyo huweza kuchukua miaka, na shoka halisubiri.

Tunao mfano wa Kihansi, katika milima ya Udzungwa. Chura wa Kihansi, ambaye huzaa watoto walio hai badala ya kutaga mayai, aligunduliwa mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umekwisha kuanza, na akaelezwa rasmi mwaka 1999. Makazi yake yalikuwa takriban hekta 2 tu, zilizoloweshwa na rasharasha za maporomoko. Maji mengi ya mto yalipoelekezwa kwenye mitambo, bonde lilikauka, na mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Mchangiaji, Tabata

Naheshimu hoja yako, lakini naomba kutofautiana nawe. Kihansi ina uwezo wa megawati 180, na umeme huo uliingia kwenye gridi ya taifa wakati nchi ikiuhitaji sana. Ukisema kila mradi usubiri masika, halafu usubiri maabara, halafu usubiri jarida la kisayansi, umewaambia wenye viwanda na wagonjwa walioko hospitalini wasubiri pia.

Mchangiaji, Kigamboni

Mimi nina mashaka mawili. Kwanza, vielelezo vyetu vingi viko Ulaya na Marekani, kwa hiyo mwanafunzi wa hapa anayetaka kulinganisha chura wa Ruvu huanza kwa kutafuta nauli. Pili, mtoa mada ameanza na Ruvu Kusini, lakini huko hakuna mwekezaji anayeomba cheti. Anayekata mti usiku haandiki tathmini.

Mtoa mada

Ndugu yangu wa Tabata, gharama unayoihofia haikuepukwa huko Kihansi, bali ililipwa baadaye. Ilibidi kuwekwa mabomba ya kunyunyizia maji bondeni, vyura 499 wakapelekwa Marekani mwaka 2000 ili wazalishwe, mwaka 2010 wakarejeshwa 100 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa bondeni. Katikati ya hayo, mwaka 2003, waliobaki porini waliporomoka ghafla, na ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi za vyura ukatajwa miongoni mwa sababu. Chura huyo angejulikana kabla ya michoro kukamilika, kiasi cha maji ya kuachiwa mto kingejadiliwa mezani mapema, na megawati zingepatikana. Sisemi mradi usubiri jarida. Uchunguzi wa masika mmoja ungetosha kuonyesha kwamba kuna kiumbe asiyefanana na wengine, na tahadhari ianzie hapo.

Dada yangu wa Kigamboni, kuhusu vielelezo nakuunga mkono kabisa. Kibali cha utafiti kingeweza kudai kwamba sehemu ya vielelezo ibaki nchini na kwamba mtafiti wa Kitanzania awe miongoni mwa waandishi. Chuo kilichowatunza vyura wa Kihansi kwa miaka yote hii hakiwezi kuambiwa hakina uwezo.

Kuhusu mkaa, cheti kweli hakitausaidia Ruvu Kusini. Huko tegemeo ni doria za Wakala wa Huduma za Misitu pamoja na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Muongo mzima ni mrefu kwa chura wa msitu mmoja. Kwa sababu hiyo ningependa wachangiaji wa Kisarawe na Kibaha watueleze: bei ya kujaza mtungi wa gesi ikishuka kiasi gani ndipo gunia la mkaa litakosa mnunuzi?