Mkate unanituliza lakini hauumuki, naombeni ushauri

Sijalala: Wakuu, naombeni msaada, tena bila kejeli. Usiku silali, mawazo yanazunguka, moyo unaenda mbio. Kuoka mkate ndiko kunakonituliza. Unga, maji, chumvi, hamira, basi. Nikianza tu kukanda kichwa kinanyamaza. Shida ni mkate wenyewe: unatoka mgumu, chini umeshikana kama sabuni. Unga natia gramu 500, maji nakadiria. Nakosea wapi?

Hamira Mfu: Acha kukadiria mkuu. Kwa unga huo weka maji gramu 325 hadi 350, chumvi 10, hamira ya chenga 5 hadi 7. Maji yawe vuguvugu tu, yakikaribia nyuzi 60 umeshaiua hamira. Kanda kama dakika 10, mpaka ukivuta kipande kati ya vidole kinakuwa chembamba, unaona mwanga na hakichaniki. Unaacha uumuke muda gani?

Sijalala: Nusu saa. Wakati mwingine pungufu.

Hamira Mfu: Jibu ndilo hilo. Subiri ujae mara mbili: saa moja, au mbili kukiwa na baridi. Unakimbilia wapi?

Mama Pacha: Mimi nilianza kuoka wakati wa talaka. Nikimkumbuka tu, nalibamiza donge mezani. Mikate ilikuwa mizuri ajabu! Siku hizi nina amani na mikate yangu haina ladha.

Mzee Kijana: Vijana mnatafuta utulivu kwenye unga. Zimeni simu, salini, laleni mapema.

Kisu Butu: Mzee, saa nane usiku hii na wewe uko humu.

Mama Pacha: Sijalala, hujajibu. Mtu anayetafuta kutulia anaharakia nini?

Sijalala: Kungoja ndiko kunanishinda. Nikishafunika bakuli mikono inatetemeka, jasho linanitoka. Naingiza kwenye oveni mapema ili nipate cha kufanya.

Hamira Mfu: Hiyo mitetemeko tangu lini?

Sijalala: Tangu nipumzike dawa. Daktari aliniandikia za wasiwasi. Nilipoona mkate unafanya kazi ileile nikaziacha. Msianze kunihukumu, sikukurupuka, nilifikiria. Mkate hauna madhara. Mwenzangu hajui na sina mpango wa kumwambia. Turudi kwenye hamira.

Mama Pacha: Haturudi. Mdogo wangu alikata zake ghafla vivyo hivyo: usingizi ukapotea, kizunguzungu, moyo mbio. Akadhani ugonjwa umerudi, kumbe mwili ulikuwa unadai dawa. Hizo hupunguzwa kidogo kidogo, daktari akijua. Nyingine ukizikatisha ghafla unaweza kupata hata degedege. Wala usirudie zilizobaki kwa kukisia. Mpigie aliyekuandikia.

Kisu Butu: Hii chai. Na mkate wa kuinywea upo, ila mgumu. Juu kasema anaoka kwa sababu moyo unaenda mbio. Sasa moyo unaenda mbio kwa sababu kaacha dawa kwa ajili ya mkate. Kipi kilitangulia?

Sijalala: Wasiwasi ulitangulia, dawa zikautuliza, nikaanza kuoka, nikaacha dawa, umerudi. Sijapanga vizuri kwa sababu silali. Huamini, pita.

Kisu Butu: Weka picha ya mkate.

Sijalala: (picha)

Kisu Butu: Duh. Naamini. Kitu kama hicho hakitungiki.

Hamira Mfu: Kama kungoja ndiko kunakutesa, kanda jioni, tia kwenye friji. Baridi inaipunguza hamira kasi, donge litaumuka taratibu mpaka asubuhi, huna haja ya kulilinda. Oka nyuzi 220 kama nusu saa, ukigonga chini usikie mlio wa kitu chenye uwazi ndani. Ila simu kwa daktari kwanza.

Sijalala: Nitampigia Jumatatu. Kwenye friji nafunika kitambaa au mfuniko?

Mama Pacha: Mfuniko, kitambaa kitaacha donge likauke juu. Jumatatu mbali, na unatetemeka leo. Kuna madaktari wa zamu, nenda hata wikiendi. Na mwamshe mwenzako.

Sijalala: Kumwamsha hapana. Kesho hospitali, sawa.

Mzee Kijana: Samahani, nje ya mada. Chumvi ikigusana na hamira inaiua, au ni maneno ya watu?

Hamira Mfu: Kwa vipimo hivyo haiui, inaipunguza kasi tu. Mzee, unaoka?

Mzee Kijana: Nimeuliza tu.

Kisu Butu: Saa nane usiku!