Nimkabili mbunge wetu akiwa anakula na familia yake? Naombeni ushauri

Ndugu zangu naombeni ushauri kabla sijafanya kitu cha kunitia aibu. Niko huku pwani ya Kenya, mbunge wetu kila Jumapili jioni huja kula samaki hapa mtaani na mkewe na watoto, ofisini kwake nimeenda mara nne kuuliza basari (msaada wa karo) ya mdogo wangu naambiwa tu mheshimiwa yuko Nairobi, simu hapokei.

Sasa mwenzangu aniambia nimfuate palepale mezani na simu inarekodi, si mwaka 2024 wakati wa ule mswada wa fedha wa kuongeza kodi vijana waliwajazia wabunge meseji hadi simu zikashindwa, na rais mwenyewe akaukataa mswada tarehe 26 Juni? Katiba nayo kifungu cha 37 chaturuhusu kuandamana na kupeleka malalamiko kwa amani bila silaha. Lakini mamangu hataki hata kusikia, asema mtu akiwa na sahani mbele yake hagombwi, na wale watoto wamekosa nini? Hapo mama ananibana kweli, maana mimi shida yangu na baba yao tu.

Nilikuwa nafikiria nimngoje akiinuka kwenda kunawa, nimpe salamu, nimuulize kwa sauti ya kawaida bila kurekodi (ingawa bila video atanikana tu, namjua). Waliowahi kufanya hivi, mlijibiwa ama walinzi waliwatoa mbio? Mwenye hoteli nae simtaki matatani.